Nimefanikiwa Kupaua Choo

Jamani, msinione macho yamevimba mkadhani nimetoka msibani. Natoka kupaua. Na nyumba yenyewe ninayoipaua haipo. Kilichopo ni kiwanja Chanika, msingi, tofali mia nane zilizoota majani, na kenge mmoja ambaye kwa anavyotembea nadhani hati iko kwa jina lake. Mimi napaua kwenye kompyuta.

Chanzo ni ubahili, nakiri. Mchoraji ramani alinitajia bei, nikamwangalia, akaniangalia, nikamwambia nitarudi. Mpwa wangu akadakia: "Mjomba, hela yote hiyo ya nini? Kuna programu ya bure. Unavuta kuta kwa mausi, unabonyeza paa, nyumba imekwisha. Hata mtoto anaweza." Hapo pa mtoto ndipo paliponiponza. Mtu mzima akishaambiwa hata mtoto anaweza, njia ya kurudi nyuma haipo tena.

Usiku wa kwanza nikaanza na kuta. Programu ikauliza unene. Tofali langu ni la inchi 6, nalijua, nimelilipia, nikaandika 6. Nikavuta ukuta wa sebule, skrini nzima ikawa kijivu. Nikajua nimeua kompyuta ya watu. Kumbe mwenzangu anahesabu kwa mita. Nilikuwa nimejenga ukuta wenye unene wa mita 6. Ngome Kongwe ya Unguja ingeuona ingeomba ipewe muda ikajipange. Nikahangaika na mipangilio mpaka nikaibadilisha isome inchi na futi, na ukuta ukakonda kama mimi mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa. Kumbukeni hizo inchi, zitarudi kunimaliza.

Usiku wa tatu kuta zikakamilika. Vyumba vitatu, sebule, jiko, baraza, choo. Ukiitazama ramani kwa juu unaweza kulia. Nikamwita mama Zawadi aje ashuhudie, akaja na mwiko mkononi. Nikabonyeza paa.

Programu ikapaua choo.

Choo peke yake! Paa la pande nne, lina upenu wake kila upande, limekaa juu ya choo kama kofia ya askari wa gwaride, na nyumba nyingine yote iko wazi kwa Mungu. Mama Zawadi akatazama kwa makini, akasema, "Angalau masika ikianza tunajua pa kujibanza." Akarudi kwenye ugali wake.

Nikabonyeza tena. Choo. Nikafuta paa nikaanza upya. Choo. Nikazima kompyuta nikaiwasha, dawa yetu ya kila ugonjwa. Choo, na safari hii nadhani kilikuwa kinanicheka.

Nikampigia mpwa. "Mjomba, paa linakaa juu ya chumba kilichofungwa. Kona zisipokutana, programu haioni chumba, inaona kuta zimejisimamia tu kama watu wanaosubiri daladala."

"Kona zimekutana, naziona kwa macho yangu."

"Zikuze."

Nikazungusha kigurudumu cha mausi. Kona ikaja, ikaja, ikanenepa, ikajaza skrini, na pale katikati nikaona mwanga. Ufa wa milimita 3. Milimita tatu, ndugu zangu! Kwenye msingi wangu wa kweli kule Chanika kuna pengo kenge anapita na familia yake, fundi aliniambia, "Usijali bosi, hiyo plasta itaficha." Sasa kompyuta utaieleza nini kuhusu plasta?

Na sikuwa na wa kumlaumu. Programu ina sumaku yake: ukikaribia ncha ya ukuta, inainasa yenyewe na kona inafunga. Niliizima kwa mkono wangu usiku ule wa kwanza, kwa sababu ilikuwa inanivuta mkono na mimi sipendi kuongozwa kwenye nyumba yangu. Choo kilifungika kwa bahati tu.

Nikaiwasha sumaku, nikaziba nyufa tano. Ukuta wa mbele ulikuwa umechoka kwa kuvutwavutwa, nikaufuta nikauchora mwingine. Nikabonyeza. Paa likafunika nyumba nzima! Nikasimama kwenye kiti. Kisha nikaigeuza nyumba niitazame kwa ubavu, nikakaa.

Mwinuko wa paa nilikuwa nimeandika 30, maana nimesikia watu wakisema nyuzi 30 na bati linamwaga maji vizuri. Lakini ukishakuwa kwenye inchi, programu ile haina habari na nyuzi. Inauliza paa lipande inchi ngapi kwa kila inchi 12 unazosogea. Mimi nimeiambia 30 kwa 12, hizo ni nyuzi 68. Nyumba ina upana wa futi 30, kwa hiyo kuta zimesimama futi 10 na juu yake kuna paa lenye futi 37 na nusu. Mama Zawadi akapita nyuma yangu na beseni la nguo, akasimama. "Baba Zawadi, umeokoka lini hukuniambia?"

Nikashusha 30 ikawa 7. Mnara ukawa nyumba. Lakini ubavuni kwa watoto pakabaki kinundu, kipaa kidogo kimeota juu ya paa kubwa. Chumba cha watoto, kumbe, kimechomoza nje ya mstari wa sebule kwa inchi moja. Inchi moja! Programu imekihesabu kama nyumba yenye heshima yake, ikakipa mgongo wake na mabonde mawili. Siku mbili nilitafuta kitufe cha kuliambia paa lisijali mambo madogo. Hakuna.

Jumamosi akaja fundi. Hakuja kwa ajili ya paa, alikuja kudai hela zake za msingi. Lakini alipoiona nyumba kwenye skrini alivuta kigoda.

"Bosi, hapa kwenye bonde maji yatakusanyika, na bati likiungwa vibaya kidogo tu linavuja. Chini yake kuna nini?"

"Kitanda cha watoto."

"Wataogelea. Kwa nini kuna bonde?"

"Chumba kimetoka inchi moja, fundi. Nimeshindwa kulifanya paa lisikione."

"Sasa si usogeze ukuta?"

Nikausogeza. Kinundu kikapotea. Sikumtazama usoni.

"Na huku kwenye gebo," akaendelea, akigusa ncha ya nyumba, pale ukuta unapotakiwa upande kwa pembetatu mpaka ulifikie paa, "mbona umeacha dirisha kubwa hivi la pembetatu?"

Halikuwa dirisha. Nilikuwa nimegeuza paa ncha zote mbili ziwe gebo, lakini ukuta wenyewe haujui kupanda kulifuata paa. Unaishia futi 10, juu yake tundu, popo na jamaa zake wanakaribishwa. Nikamweleza fundi dawa niliyopewa: ukuta unaukata katikati vipande viwili, kila kipande kinaanza futi 10 pembeni na kinapanda mpaka kikutane na mwenzake chini ya kofia ya bati.

"Kinapanda mpaka ngapi?"

"Ngoja," nikasema, nikatoa simu, nikafungua kikokotoo. Nusu ya upana, mara saba, gawa kwa kumi na mbili. Nikakosea, nikaanza tena.

Fundi alikuwa ameinua macho kwenye dari yangu ya kupanga. "Upana si futi 30? Nyanyua katikati futi tisa kasoro kidogo, juu ya hizo kumi zako."

Simu ikasema 8.75. Nikaiingiza mfukoni polepole.

"Na ile hela ya msingi, bosi?"

Nikamwambia anivumilie kidogo, nimalize gebo.

Jana saa saba usiku nimelimaliza. Bati rangi ya damu ya mzee, gebo limeziba kotekote, hakuna kinundu, hakuna tundu. Nikamwamsha mama Zawadi. Akaja na kanga moja, akakaa, akaizungusha nyumba mbele, nyuma, mbele tena. Nikasubiri pongezi.

"Paa zuri," akasema. "Tunaingilia wapi?"

Nikatazama. Mbele hakuna mlango, hakuna dirisha, ukuta mtupu tangu kona mpaka kona kama bohari la pamba. Kwenye ile programu mlango ni mali ya ukuta. Siku ile nilipoufuta ukuta wa mbele, uliondoka na mlango wake na madirisha yake, kama mke aliyerudi kwao na vyombo.

Nikamwambia asitie shaka, mlango wa nyuma upo, nimeuweka mwenyewe jikoni. Nikaizungusha nyumba nimwonyeshe. Upo kweli. Ila katika ile sogeza-sogeza ya kuta, jiko limehama upande mmoja, na sasa unafungukia chooni.