Kundi moja likifeli swali, ndo swali lina upendeleo?

Tuseme swali moja la mtihani Marekani, weupe wamelipata asilimia 60, weusi 40. Wengi watasema hapohapo swali linabagua, na mi naelewa kabisa kwa nini. Ila pengo peke yake halithibitishi kitu, inawezekana watoto wamesoma shule zisizolingana na swali limeonyesha tu hilo.

Kupima swali kwa pengo tu kulishajaribiwa Illinois, jimbo la huko Marekani. Kampuni ya bima ya Golden Rule iliwashtaki ETS, shirika la kutunga mitihani, kuhusu mtihani wa leseni za mawakala wa bima, 1984 wakapatana kwamba maswali yatakayotangulizwa ni yale ambayo pengo la weusi na weupe halizidi pointi 15 za asilimia. Nia nzuri, lakini swali linalopima vizuri ndo hutanua pengo la wanaojua na wasiojua, kwa hiyo kanuni hiyo inaweza kutupa maswali mazuri ikabakiza dhaifu. Mkuu wa ETS, Gregory Anrig, 1987 akakiri walikosea kukubali.

Njia iliyoshika baadaye ni ya wanatakwimu Mantel na Haenszel, ilianzia kwenye utafiti wa magonjwa mwaka 1959, watafiti Holland na Thayer wakaileta kwenye mitihani miaka ya 80. Hapa unalinganisha wenye alama za jumla sawa tu, mweusi mwenye 30 na mweupe mwenye 30, kama bado mmoja analikosa swali lilelile zaidi, basi swali lina jambo. Mi naona hapo wamepiga hatua kubwa.

Lakini hiyo 30 imetoka wapi? Imetoka kwenye maswali hayohayo! Wataalamu wanayatoa yanayoshukiwa wanapiga hesabu upya, na inasaidia yakiwa machache, ila mtihani mzima ukiwa umeelemea upande mmoja hesabu haioni kitu, tena swali moja la haki ndo litaonekana linapendelea wale wengine. Kwa hiyo anayesema "maswali yote yamepita takwimu, mtihani ni wa haki" anadai zaidi ya alichopima. Njia hii inakwambia swali lipi halifanani na wenzake, basi.

Kuujua mtihani wenyewe inabidi utoke nje yake, uwafuate hao mawakala wenye alama sawa uone kazini wanafanyaje, na hiyo ni kazi ya miaka, tena wale waliofelishwa hutawakuta huko.