Marehemu Kafa Maji

Mke wangu alipokwenda Tanga harusini, wiki tatu, alinikabidhi mtoto na okidi. Mtoto hajambo.

Okidi alizawadiwa kazini, maua meupe kama vipepeo, akaiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni. "Baba, maji mara moja kwa wiki. Usizidishe." Nikajisemea, joto hili la Dar, kiumbe anywe mara moja kwa wiki? Nikawa naimwagilia kila asubuhi.

Sasa, kopo likawa linavujia king'amuzi. Jumamosi ya Simba na Yanga nikasema hapana, nikaziba matundu yote kwa nailoni na gundi. Halikudondosha tena hata tone. Nilijisifu sana siku ile.

Wiki ya pili majani yakalegea, yakaingia umanjano. Kiu hiyo! Nikaongeza na jagi la jioni.

Mwenye okidi aliporudi hakulia. Alitandika gazeti sakafuni, akatuita wote, akaanza kupasua maiti.

"Nani alikuwa anamwagilia?"

Nikanyoosha kidole, nusu. Dada wa kazi naye akanyoosha: yeye zamu yake ilikuwa mchana. Mama yangu akasema kila magharibi aliipa maji aliyooshea mchele, mbona mchicha wake unayapenda. Binti yetu wa miaka mitano aliipa soda, kwa kuwa ilikuwa inaumwa, na mgonjwa hupelekewa soda.

Mke wangu akaing'oa. Ikatoka harufu ya mtaro. Mizizi ya okidi nzima huwa migumu, ya kijivu cheupe, ikilowa inakuwa kijani. Hii yetu ilikuwa ya kahawia, ukiiminya ganda linavuka kama soksi. Tukasimama kama wafiwa tunasomewa wasifu: okidi ya aina hii kwao hukaa juu ya miti, mizizi ikipigwa na upepo, ndiyo maana hupandwa kwenye vipande vya magome badala ya udongo. Mizizi ikizama hukosa hewa, huoza, na ikishaoza haivuti maji tena. Majani yananyauka kwa kiu huku chini ni bwawa.

"Nanyi mkaona ina kiu, mkaongeza?"

Kimya. Mama akaanza kuokota punje za mchele ambazo hazikuwepo.

Nikadhani msiba umekwisha, kosa limegawanyika kwa wanne, kila mtu na robo yake. Ndipo akalipindua kopo.

"Na hii nailoni?"

Dada akaangalia dari. Mama akaniangalia mimi. Binti yangu, kipenzi changu, akajibu bila kuulizwa mara mbili:

"Baba aliweka. Alikuwa anaangalia mpira."