"Nimechoka" si jibu

Mwanaume akiulizwa ana nini, majibu yake ni mawili: "niko sawa" au "nimechoka". Nimeyatumia yote kwa miaka. Baba alipofariki, nilichoka. Ndoa ilipoanza kuyumba, nilichoka. Kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe alipopandishwa cheo akaniacha palepale, hapo napo eti nilichoka tu.

Ndiyo maana sikubali kirahisi kwamba wanaume hatuendi kwa mshauri nasaha kwa sababu ya kiburi. Kiburi kipo, wako walio radhi kufa na tai shingoni. Lakini wengi tunaogopa jambo la aibu zaidi: tutafika, tutaketi, tutaulizwa, na hatutakuwa na la kusema.

Lilinikuta. Kikao cha kwanza niliulizwa nilihisi nini mke wangu alipohamia chumba kingine. Nikajibu, "Nilihisi ananikomoa." Mshauri akasema hiyo ni fikra yangu juu yake, mimi je, nilihisi nini? Hasira, nikasema. Na kabla ya hasira? Nikakodolea macho saa ya ukutani mpaka muda ukaisha.

Kumbe jambo hili lina jina. Mwaka 1973 daktari wa magonjwa ya akili Peter Sifneos aliliita aleksithimia, yaani kukosa maneno ya hisia. Yeye alizungumzia wagonjwa. Baadaye mwanasaikolojia Ronald Levant akatoa hoja kwamba hali hiyo, kwa kiasi chepesi, ni ya kawaida kwa wanaume waliolelewa kwa "jikaze, acha kulia". Namwamini, maana Kiswahili chenyewe si maskini: tuna huzuni, simanzi, majonzi, fadhaa, unyonge, soni, kinyongo, jitimai. Maneno haya tunayasoma kwa sauti nzito kwenye rambirambi, kisha tukirudi nyumbani tunabaki na uchovu.

Nyumbani ndiko ukimya unakofanya uharibifu. Wanasaikolojia John Gottman na Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo huku wakibishana. Gottman anaeleza kuwa mapigo yakishapita takriban 100 kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza vizuri, na kwamba anayejifungia kimya mara nyingi huwa mume. Mke anaona jiwe limekaa kwenye kochi, kumbe ndani ya jiwe moyo unakwenda mbio. Ushauri wa Gottman ni kusitisha mabishano kwa dakika 20 hivi, mtulie, kisha mrudi kuyamaliza. (Sisi wanaume tunaipenda sana nusu ya kwanza ya ushauri huo.)

Kuna watakaosema marafiki wanatosha. Ninao, nawapenda. Lakini rafiki ana upande: hujamaliza hata sentensi, ameshakwambia mwanamke huyo hakufai. Wengine msiri wao ni mke peke yake, basi siku ugomvi unapokuwa naye, hakuna mlango mwingine wa kubisha. Mshauri hana ndugu katika kesi yako, na unayomwambia anayatunza, isipokuwa pale anapoona maisha ya mtu yako hatarini. Usipoelewana naye, tafuta mwingine; si ndoa hiyo.

Kosa letu kubwa ni kuchelewa. Tunakwenda talaka ikishatajwa, tena tunakwenda kama mahakamani, na ushahidi mkononi. Mimi nilikuwa na jumbe za simu nilizozihifadhi kwa tarehe. Mshauri hakuzigusa.

Wala simtetei anayempiga mwenzake. Huyo usalama wa aliyepigwa unatangulia mambo ya msamiati. Ila Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya cha wanawake. Siwezi kudai wote walikosa maneno. Najiuliza tu ni wangapi walikuwa wameulizwa wiki hiyohiyo, wakasema wako sawa.

Neno langu lilikuja kikao cha nne: upweke. Nililala peke yangu miezi kadhaa nikiliita hasira. Usiku ule nikamwambia mke wangu. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na mimi je, ulidhani nilikuwa na nani huko chumbani?"

Nilikaribia kabisa kumwambia nimechoka.