Pikipiki ya bwana shamba inahitaji ratiba, mafuta na msimamizi mmoja

Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani, yaani mabwana shamba, wa nchi nzima. Pamoja nazo vilikuja vishikwambi na vifaa vya kupima afya ya udongo. Tayari bajeti ya huduma za ugani ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi milioni 603 mwaka 2020/2021 hadi bilioni 11.5 mwaka uliofuata, na mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu ikachaguliwa kuanza. Kwa anayejua jinsi bwana shamba alivyokuwa akidandia lori la mnada ili afike kijiji cha tatu, lile lilikuwa jambo kubwa. Uamuzi ulikuwa sahihi, na wanaoubeza hawajawahi kutembea kilomita 12 kwa miguu wakiwa na bomba la kupulizia dawa mgongoni.

Lakini pikipiki hutatua umbali tu. Kilichobaki ni suala la uongozi: nani anampangia afisa ugani kazi ya Jumatatu, nani anakwenda shambani kuhakiki kama kazi hiyo ilifanyika, na fedha ya mafuta inatoka fungu gani. Haya matatu yasipojibiwa, pikipiki itapaki kwenye baraza la ofisi ya kata huku mahindi ya mkulima yakiliwa na viwavijeshi.

Tuanze na usimamizi. Tangu mageuzi ya serikali za mitaa ya mwaka 1998, afisa ugani wa kata ni mtumishi wa halmashauri. Mwajiri wake ni mkurugenzi wa halmashauri, aliye chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera, miongozo ya mazao, mafunzo na sasa vitendea kazi vinatoka Wizara ya Kilimo. Ofisa kilimo wa wilaya ndiye mkuu wake kitaaluma, lakini anayemwona kila siku na kumtuma ni mtendaji wa kata. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu anashikishwa nne. Wizara ikitaka apime udongo, mtendaji anamtaka akakusanye michango ya darasa. Ofisa kilimo akitaka takwimu za mavuno, mkurugenzi anamtaka kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao. Kwa kawaida hushinda aliye karibu.

Kazi ya ushuru ndiyo mbaya kuliko zote. Afisa ugani anayesimama kwenye geti akihesabu magunia hawezi kesho yake kumuuliza mkulima yuleyule amevuna kiasi gani akapewa jibu la kweli. Imani hiyo ikivunjika, hata takwimu zinazopelekwa wizarani zinakuwa za kukisia. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuliondoa jambo hili kwa barua ya ukurasa mmoja, bila kusubiri sheria mpya wala fedha ya mfadhili: afisa ugani asipangiwe ukusanyaji wa mapato wala ulinzi wa mageti, na siku zake nne kati ya tano za kazi ziwe za vijijini.

Ruzuku ya mbolea nayo inahitaji uangalifu. Tangu Agosti 2022 wakulima wameandikishwa ili wanunue mbolea kwa bei ya ruzuku, na uandikishaji huo umewaangukia kwa sehemu kubwa watendaji na maafisa ugani. Ruzuku ina faida yake. Tatizo ni kwamba kazi ya kuandikisha ina tarehe ya mwisho na ripoti ya kila siku, wakati kazi ya kufundisha haina. Yenye tarehe humeza isiyo nayo. Majirani zetu Uganda waliliona hili kwa ukubwa wake. Walitunga sheria ya huduma za ushauri wa kilimo mwaka 2001, kisha polepole mpango ukageuka kuwa wa kugawa pembejeo, hadi mwaka 2014 ugawaji ukakabidhiwa wanajeshi na ugani ukarudishwa kwenye mfumo mmoja wa serikali. Sisi hatuna sababu ya kuzunguka njia ndefu kama ile.

Sasa mafuta. Watu hulizungumza jambo hili kana kwamba ni mlima, nami nadhani ni kwa sababu halijawahi kupigiwa hesabu kwenye kikao cha madiwani. Chukua kata ya vijiji vinne, cha mbali kikiwa kilomita 12 kutoka ofisini. Safari nne kwa wiki, wastani wa kilomita 30 kila moja ukijumlisha kuzunguka mashambani, ni kilomita 120. Ongeza 40 za kwenda wilayani na kurudi, unapata 160. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 kwenye barabara ya vumbi inakwenda kilomita 40 hivi kwa lita, kwa hiyo ni lita 4 kwa wiki, au lita 192 kwa wiki 48 za kazi. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 576,000 kwa mwaka. Injini itakuwa imetembea karibu kilomita 7,700, na ukimwaga oili kila kilomita 2,000 ni mara nne kwa mwaka. Weka mnyororo, tairi la nyuma, breki na bima, ukifika shilingi 900,000 hujabana. Halmashauri yenye maafisa ugani 60 inahitaji shilingi milioni 54.

Zitoke wapi? Miongozo ya bajeti imekuwa ikizitaka halmashauri zirudishe kwenye kilimo asilimia 20 ya mapato ya ndani yanayotokana na kilimo. Halmashauri inayokusanya milioni 270 za ushuru wa mazao ina milioni 54 zake pale pale. Ni kweli kwamba mwaka 2017 ushuru ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na halmashauri nyingi ziliumia. Hata hivyo, asilimia 20 ya kidogo bado ni asilimia 20. Inapopotea, hupotelea kwenye posho za vikao na matengenezo ya magari, na diwani anayetoka kwenye kata ya wakulima ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Bila oili kumwagwa kwa wakati, pikipiki mpya hufa ndani ya miaka miwili. Kwanza hutoa moshi wa buluu, halafu inakosa nguvu mlimani, kisha pistoni na silinda zinaisha. Dereva analaumiwa, wakati kosa liko kwenye fungu la matengenezo lililoandikwa sifuri.

Naja kwenye ratiba, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilifuata mfumo wa mafunzo na ziara uliosukumwa na Benki ya Dunia. Afisa alikuwa na siku maalumu ya kila kundi la wakulima, na yeye mwenyewe alirudi kufundishwa kwa vipindi vilivyopangwa. Mfumo ule ulikufa kwa sababu zinazojulikana: ulikuwa ghali, ujumbe ulitoka juu ukiwa mmoja kwa nchi yenye mvua na udongo tofauti kabisa, na ulitegemea wakulima wachache waliotarajiwa kuwafundisha wenzao bila kupata chochote. Lakini tulipoutupa tulitupa na jambo jema ndani yake: mkulima alijua bwana shamba anakuja lini. Leo ukiuliza kijijini, utaambiwa anakuja akiitwa. Na mkulima haiti hadi jani liwe limetoboka.

Ndiyo maana viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 vilitupiga vibaya. Dawa madukani ilikuwepo, lakini ilipigwa imechelewa, mchana wa jua kali, juu ya majani, wakati kiwavi kiko ndani ya kikonyo, pale katikati majani machanga yanapochomoza, kimejiziba kwa kinyesi chake. Afisa mwenye ratiba angefika wiki ya pili baada ya mahindi kuota na kuwafundisha wakulima kukagua. Unapita shambani kwa mkato wa herufi W, unasimama sehemu tano, kila sehemu unatazama mimea kumi mfululizo bila kuchagua. Mimea kumi au zaidi kati ya hiyo hamsini ikiwa na madirisha mapya (mabaka yaliyokwanguliwa na viwavi) kwenye majani, piga dawa jioni au alfajiri ukielekeza ndani ya kikonyo. Ikiwa mitatu, okota viwavi kwa mkono, ponda mayai, rudi baada ya siku tano. Somo hili linachukua saa moja shambani, na haliwezi kutolewa kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kuona yai la mdudu huyo.

Ratiba hiyohiyo ndiyo inayoipa maana mbolea ya ruzuku. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia unagawanyika gramu tano na nusu kwa shimo, ambayo ni takriban kizibo kimoja cha soda. Mbolea inatangulia, inafukiwa kwa udongo kidogo, ndipo mbegu inafuata, maana ikigusana na mbegu inaiunguza. Wengi hurusha mbolea juu ya ardhi kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kizibo. Sehemu ya thamani ya ruzuku inakwenda na maji ya mvua.

Na kabla ya mbolea kuna udongo. Vifaa vya kupimia vilivyopelekwa halmashauri vitatoa majibu ya uongo kama sampuli ni ya uongo. Kwa ekari moja chimba sehemu 10 hadi 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, chukua nusu kilo. Usichimbe kwenye kichuguu, chini ya mti, palipokuwa zizi wala kwenye mstari wa mbolea ya mwaka jana. Ndoo ya bati iache, zinki yake inaingia kwenye sampuli. Pia majibu yasiishie kwenye kishikwambi. Mkulima akiambiwa pH yake ni 5.1, yaani udongo wake una asidi nyingi, neno la pili liwe chokaa kiasi gani na iwekwe lini, la sivyo amepimwa bure.

Kuhusu mashamba darasa, ambako wakulima hujifunza pamoja kwa vitendo, sitasema mengi, kwa kuwa njia yenyewe ni nzuri na imethibitika tangu ilipoanzia Indonesia mwaka 1989. Kinachoiua kwetu ni mambo mawili. Shamba linawekwa kando ya barabara kuu ili wageni waone, kwenye ardhi ya mwenye cheo, na pembejeo zote zinalipwa na mradi. Mkulima wa kawaida anajua hawezi kuyaiga yale. Halafu mavuno hayapimwi. Weka vipande vitatu vya mita 10 kwa 10: kimoja kwa mazoea ya kijiji, cha pili chenye mbegu bora peke yake, cha tatu chenye mbegu, nafasi na mbolea. Siku ya kuvuna leta mizani ya kuning'iniza, pima punje zikiwa zimekauka mbele ya wote, zidisha kilo kwa 40 upate za ekari. Kipande cha kwanza kikitoa kilo 15 na cha tatu kilo 42, watu wamejionea magunia 6 na karibu 17, na wakitoa gharama ya pembejeo wanapata uamuzi wao wenyewe bila hotuba.

Hapo ndipo pia penye kipimo cha haki cha afisa ugani. Ripoti inayosema "wakulima 120 walipatiwa elimu" haihakikiki. Ripoti inayosema mavuno ya vipande vitatu katika vijiji vinne, pamoja na idadi ya wakulima waliopanda kwa mstari msimu uliofuata, inahakikika na ofisa kilimo wa wilaya kwa siku moja. Malengo yanayoingizwa kwenye mfumo wa serikali wa kupima utendaji yaandikwe hivyo.

Vyuo navyo vina sehemu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwa na programu ya shahada kwa maafisa ugani walio tayari kazini, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Sasakawa, shirika linaloendeleza kilimo barani Afrika, ambapo mwanafunzi hurudi kwenye eneo lake kutekeleza mradi pamoja na wakulima chini ya usimamizi. Sioni kwa nini utaratibu huo usiwe wa lazima kwa stashahada zote za vyuo vya Ilonga, Ukiriguru, Uyole, Tumbi na vinginevyo. Kijana aliyekaa msimu mzima na wakulima, kuanzia kulima hadi kupima magunia, hahitaji kufundishwa tena akiajiriwa.

Idadi ya maafisa ugani bado ni ndogo. Hesabu za serikali wakati mageuzi haya yanaanza zilitaja maafisa zaidi kidogo ya 6,700 dhidi ya mahitaji yanayozidi 20,000. Kwa hiyo kila siku ya afisa mmoja inayopotea getini ni siku ambayo kata jirani, isiyo na afisa kabisa, ingeweza kuhudumiwa.

Kalenda ya fedha nayo irekebishwe. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, lakini fedha za matumizi mengineyo huchelewa. Nyanda za Juu Kusini mvua zinaanza Novemba, maana yake mafunzo ya nafasi na mbolea lazima yafanyike Oktoba na sampuli za udongo zichukuliwe Agosti. Madiwani wanaopitisha bajeti waandike mafuta ya ugani kama fungu linalotolewa robo ya kwanza, kabla ya Septemba 30, lita kwa lita, kata kwa kata, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji pamoja na siku ambayo bwana shamba atafika.