Wapiga picha za ndege Tanga: tatizo ni mahali au ni saa?

Kila msimu wa ndege wageni ukifika pwani ya Tanga, kuanzia Agosti hadi Machi au Aprili, wapiga picha wetu wa ridhaa hurudia ubishi uleule. Mmoja anapata picha safi ya kundi la chekeamwezi, ndege wa pwani wanaokula topeni, kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa jiji, anaiweka mtandaoni pamoja na jina la mahali. Hata siku haijaisha, ameshaambiwa aifute, au angalau afute mahali. Wanaomwambia hivyo wana sababu zao, na wanaomtetea nao wana zao. Mimi naona wote wanagombania jambo jepesi, lile zito limekaa pembeni halina msemaji.

Hofu ya wanaotaka mahali pafichwe ni umati. Lenzi ndefu si mali ya watalii peke yao siku hizi. Vijana wananunua kamera za mtumba, na wengine wanaegesha simu kwenye darubini na kupata picha ya kutamanisha. Picha moja ikipendwa, wikiendi inayofuata magari kutoka Dar yamejipanga juu ya tuta. Hao ndio waja leo waondoka leo wenyewe, hawana muda wa kusubiri ndege atulie, wanamfuata. Kwa ndege aliyetaga hoja hii haina mjadala. Mzazi akiondolewa kwenye kiota mchana wa jua kali, mayai yanaiva au kunguru wanayawahi. Kiota hakitajwi kilipo, na kusema kweli hata picha yake naweza kuishi bila kuiona.

Lakini wengi wa wale wa chumvini hawatagi hapa. Chekeamwezi mwenye mdomo uliopinda kidogo, wa gramu 60 hivi, anataga kaskazini kabisa ya Siberia. Yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anachimba shimo kwenye mchanga wa pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu. Huja huku na mtoto wake. Ukitulia utamwona kinda wa kijivujivu akimfuata mkubwa kwenye tope, ameinamisha shingo, analia kuomba kaa, na mkubwa anampa ingawa mtoto mwenyewe amesharuka kutoka kwao hadi kwetu. Kwa ndege kama hawa, kuficha mahali kunamficha nani? Mtoto wa kijiji mwenye mtego anajua wanakolala kabla ya mwenye kamera hajazaliwa. Anayebaki gizani ni mtu wa mbali, na katika watu wa mbali wamo wanaoamua hatima ya pwani hii.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Chongoleani, kwenye pwani hiyohiyo ya kaskazini, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443. Mradi mkubwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hufanyiwa tathmini ya athari, na mtaalamu anayeandika tathmini hana uchawi. Anaokota kumbukumbu zilizopo. Pwani isiyo na picha, tarehe wala hesabu ni rahisi kuandikwa kuwa ni tope na mikoko basi. Mpango wa kiwanda cha magadi pale Ziwa Natron ulipopingwa miaka ya 2000, heroe (flamingo) ndio waliobeba hoja, kwa sababu ilikuwa inajulikana wazi kwamba ile aina ndogo ya heroe ya Afrika Mashariki inategemea ziwa hilo kuzaliana. Ingekuwa siri, pangetetewa nini?

(Tusiwapambe wenye chumvi pia. Majaruba mengi (mabwawa ya kukaushia chumvi) ya pwani yetu yalichimbwa palipokuwa na mikoko au nyuma yake tu, kwenye uwanda wa chumvi. Ndege wameyageuza kimbilio, lakini hayakuchimbwa kwa ajili yao.)

Basi nasema mahali patajwe. Jambo zito ni saa.

Chekeamwezi anaishi kwa maji ya bahari, si kwa jua. Maji yakipwa yuko topeni anakula, usiku au mchana. Maji yakijaa tope linafunikwa, na ndege wa ghuba nzima wanasogea kulala kwenye matuta na majaruba, wamebanana, mguu mmoja, mdomo ndani ya manyoya. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi ya mita tatu, na pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mpiga picha yeyote anajua saa kumi jioni ni nini: mwanga umelainika, umepata rangi, na ndege wote wamekusanywa mahali pamoja. Bahari na jua vimekubaliana kumpa picha bora kwenye saa ambayo ndege ana haki ya kutosumbuliwa. Akiwarusha mara tatu ili apate picha ya kundi hewani, amekula mafuta yao ya safari. Februari na Machi, wanapojinenepesha kurudi Siberia, hasara hiyo ni kubwa zaidi.

Programu za kurekodi viumbe hazisaidii hapa. iNaturalist inafifisha yenyewe mahali pa spishi zilizo hatarini, na eBird nayo inaficha baadhi. Ni jambo jema, ila kigezo chake ni hatari inayoikabili spishi nzima. Haziwezi kujua kwamba maji yamejaa na chekeamwezi wa kawaida kabisa wamechoka.

Je, saa hiyo ipigwe marufuku? Hapana, maana anayehesabu ndege naye anaitaka. Maji yakipwa ndege wametawanyika na hesabu yake haina maana. Tofauti ni kwamba mhesabuji anasimama mbali na darubini ya miguu mitatu, kundi halimjui. Mwenye lenzi ya milimita 400 anaona picha haijajaa, anaongeza hatua kumi, halafu kumi nyingine. Dawa ipo, ila inachosha: ingia maji yakiwa bado chini, kaa nyuma ya kibanda au lundo la chumvi, waache waje wenyewe, na usitoke mpaka maji yapwe tena. Ni muda wa saa nne au tano za jua na mbu. Wa siku moja kutoka Dar hawezi, na sioni kwa nini tumwonee huruma.

Siku hizohizo za bamvua wenye chumvi wanafungua malango kuingiza maji, kwa hiyo kuna mtu wao pale langoni saa ileile. Anaweza kumwambia mgeni akomee wapi. Kule msitu wa Amani tumezoea kumlipa mwongozaji. Huyu wa langoni hatujawahi kumlipa wala kumuuliza, na tuta tunalokanyaga ni la bosi wake.