Makohozi yamekauka, fangasi wamekwenda wapi?

Trikafta, dawa ya vidonge ambayo Ulaya huitwa Kaftrio, iliidhinishwa Marekani Oktoba 2019, na tangu hapo kliniki za sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito kwenye mapafu, zimebadilika sura. Kwenye majaribio, kipimo cha nguvu ya mapafu kilipanda kwa takribani pointi 14 za asilimia, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua kwa asilimia 63. Hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye fangasi, hasa Aspergillus fumigatus. Mbegu zake tunazivuta sote kila siku. Mapafu mazima huzifagia, yenye ute mzito huzifuga. Wanaoisifu dawa wanasema ute ukilegea fangasi wanakosa makao, na wana hoja: katika rejista ya wagonjwa ya Uingereza, waliotumia ivacaftor, mojawapo ya viungo vitatu vya Trikafta, walikutwa na Aspergillus mara chache kuliko wasioitumia.

Madaktari wanaoendelea kuwasaka fangasi, basi, wanaonekana kama watu wa kuharibu sherehe. Wanaonewa. Swali lao ni jepesi: mmepima nini? Kipimo cha kawaida ni kuotesha makohozi maabara, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa kikopo apimwe kifua kikuu anajua bila makohozi hakuna kipimo. Sasa dawa hii, jambo ambalo wagonjwa wengi huliona ni kwamba makohozi yameisha. Aliyekuwa akijaza kikopo kila asubuhi anakohoa, anakohoa, hakitoki kitu. Anapitishiwa pamba kooni, pamba ambayo haifiki kwenye mirija ya chini wanakokaa fangasi, kisha jibu linaandikwa: hakuna. Sehemu ya ule upungufu ni nafuu ya kweli. Sehemu nyingine ni kipimo kilichofumba macho, na ukubwa wa kila sehemu hauonekani kwenye jedwali. Tena mirija iliyokwisha kutanuka na kulegea hairudi ilivyokuwa, hata ute ukiwa mwepesi kiasi gani.

Njia nyingine zipo, kama kuvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ili makohozi yatoke, au kupima IgE, kingamwili ya mzio, kwenye damu kutafuta mzio wa Aspergillus. Lakini kijana aliyerudi uwanjani kucheza mpira, nani atamshika?

Na kutibu kwa kubahatisha hakufai. Dawa za fangasi kama itrakonazoli, vorikonazoli na posakonazoli huzuia kimeng'enya cha CYP3A kinachovunjavunja Trikafta mwilini, hivyo Trikafta hulundikana. Inabidi mtu mzima ashushiwe dozi yake hadi vidonge 2 vya asubuhi mara 2 tu kwa wiki, na cha jioni kiachwe kabisa. Yaani daktari anahitaji ushahidi wa fangasi kuliko zamani, wakati huohuo ushahidi wenyewe umekuwa adimu.

Kwa hiyo nikiletewa takwimu ya fangasi waliopungua, nauliza kwanza kama ilitoka kwenye makohozi au kwenye pamba ya kooni. Isiposema, naiweka kando.