"Fine" si "nzuri" tu

Kati ya vivumishi vya Kiingereza vinavyofundishwa mapema na kueleweka nusunusu, naona "fine" ndicho kinachoongoza. Mwanafunzi huambiwa kwamba maana yake ni "nzuri" au "njema", akaridhika, hadi siku atakapokuta taarifa ya afya ikionya kuhusu "fine particles" na kujiuliza uzuri uko wapi katika vumbi linaloharibu mapafu. Zinazotajwa hapo ni chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, na hatari yake inatokana na udogo huohuo unaoziwezesha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kwa maoni yangu, walimu hukosea kwa kuanzia kwenye uzuri. Neno hili liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni "finis" ya Kilatini, yaani mwisho au kikomo. Ukilishika kwa maana ya kitu kilichosafishwa au kusagwa hadi ukomo wake, utaona kwa nini linafaa kwa unga laini, uzi mwembamba, maandishi madogo ya chini ya mkataba na dhahabu safi. Masonara hupima usafi huo kwa sehemu 1000: dhahabu ya 999 ni safi karibu kabisa, ilhali ya karati 18 hugongwa alama ya 750, kwa kuwa robo yake ni metali nyingine. Hata faini, ambayo Kiswahili kimeikopa bila kinyongo, ina mzizi huohuo, maana hapo kale ilikuwa malipo ya kumaliza shauri.

Mtego mkubwa, hata hivyo, umo katika mazungumzo. Ukikaribishwa kinywaji ukajibu "I'm fine", umekataa, wala hutakaribishwa tena, na anayesema "Fine!" kwa mkato katikati ya mabishano amekubali mdomoni tu. Jambo ambalo kamusi nyingi hazilisisitizi vya kutosha ni nafasi ya neno katika sentensi: "a fine wine" ni divai bora ya kujivunia, lakini "the wine is fine" ni divai inayonyweka tu, isiyo na la kulalamikia. Kwa hiyo aliyeambiwa ameandika "a fine essay" ana haki ya kutabasamu, ila aliyeambiwa "your essay is fine" asiharakishe kushukuru.